Muziki wa klasiki tuuchague kwa masikio, si kwa sifa

Zamani, mwenye kamera ya sinema alikuwa mmoja mtaa mzima, naye aghalabu alikuwa mwenye duka la picha. Harusi ikitokea anaitwa, analipwa, anapiga, na filamu yenyewe mnaiona baada ya miezi. Leo kila mwenye simu ya mkononi ni mpiga filamu. Mtoto akibatizwa, nyumba ikiezekwa, nyanya akitimiza miaka 80, mzee akizikwa, yote yanaingia simuni, na kabla ya juma kwisha vipande vimekwisha kuungwa, vimetiwa muziki, vimetumwa kwa jamaa hadi Uarabuni na Marekani. Kwa hilo sina ugomvi na mtu. Ugomvi wangu ni juu ya muziki wenyewe.

Nimetazama filamu za namna hii nyingi, na sasa naweza kubashiri kabla hazijaanza. Ikiwa ni harusi, bibi arusi akitokea mlangoni utasikia Wagner, na wakitoka kanisani utasikia Mendelssohn. Wengi hawayajui majina hayo, lakini nyimbo zenyewe wanazijua kama wanavyoijua njia ya nyumbani kwao. Ikiwa ni mahafali, hapana budi uje ule mwendo wa Elgar. Ikiwa ni tanzia, basi fidla zitalia polepole dakika nane mfululizo, huku picha za marehemu zikipita moja moja kama abiria wanaoshuka basi. Nani aliyechagua? Ukiuliza unajibiwa, "Ulikuja pamoja na programu," au unajibiwa, "Ni muziki wa heshima." Jibu hilo la pili ndilo lililonifanya nishike kalamu leo, kwani mimi mwenyewe nimelitoa, na likanitia haya mbele ya shangazi yangu.

Marehemu baba alikuwa gadi wa treni. Alianza kazi enzi za Shirika la Reli la Afrika Mashariki, na Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977 akaendelea na Shirika la Reli la Kenya hadi alipostaafu. Safari za Mombasa na Nairobi alizozihesabu hakuzimaliza kuzihesabu. Jumapili alipokuwa hayuko safarini alikuwa kanisani, safu ya nyuma ya kwaya, akiimba sauti ya nne. Ilipokaribia kumbukumbu ya mwaka mmoja tangu atutoke, sisi wanawe tulikubaliana pawe na filamu fupi ya kuonyeshwa ndugu na majirani baada ya ibada. Kazi nikapewa mimi, ati kwa kuwa ni mtu wa magazeti, kana kwamba kuandika na kuunga filamu ni kitu kimoja. Nikamwita mpwa wangu, kijana wa chuo kikuu, ambaye kompyuta kwake ni kama jembe kwa mkulima.

Tulikuwa na picha za karatasi zipatazo 40, nyingine zimeliwa na unyevu. Tulikuwa na kanda ya video ya harusi ya dada yangu ya mwaka 1991. Na tulikuwa na kanda moja ya kaseti, ambamo mjukuu mmoja alimhoji baba kwa ajili ya kazi ya shule. Humo baba anasimulia kisa cha abiria aliyepanda Voi akamficha mbuzi chini ya kiti, na mbuzi akamjibu gadi badala ya mwenyewe alipoulizwa tiketi. Anasimulia, anacheka, anakohoa, anaanza upya.

Mpwa wangu alifanya kazi siku tatu. Filamu ikawa ya dakika 11, na kutoka mwanzo hadi mwisho ukawa unapita mtungo uitwao Adagio ya Albinoni: kinanda chini, fidla juu, huzuni tupu. "Mjomba," akaniambia, "huu ni wa miaka mia tatu, hauna mwenyewe." Nikaketi nikatazama. Nililia, sitaficha. Nikajisemea kuwa kazi imekwisha, na tena imekwisha vizuri.

Jioni ile tukamwonyesha shangazi, dada yake baba wa mwisho aliyebaki. Alitazama kimya hadi mwisho, mikono magotini. Kisha akasema, "Mwanangu, ni nzuri. Lakini huyu aliyekufa humu ndani ni nani?" Nikamwuliza ana maana gani. Akasema, "Ndugu yangu alikuwa mtu wa kucheka. Hapa namsikia akicheka mbali, kama aliyetumbukia kisimani, na juu ya kisima watu wanamlilia kabla hajafa." Nikajitetea kwamba ni muziki wa heshima. Akanitazama. "Heshima ya nani?"

Nilikosa neno.

Habari zilipoenea katika ukoo, kila mtu akawa na lake. Binamu yangu mmoja, ambaye siasa haimtoki kinywani hata akiwa anakula, alidai kwamba kosa letu ni moja tu: tumemzika mzee upya kwa muziki wa wakoloni, ilhali sisi Wamijikenda tuna kifudu chetu cha kumsindikiza maiti. Wengi walimwunga mkono, na nadhani wasomaji wengi wa ukurasa huu wangemwunga mkono pia. Mimi nampinga, na nitasema kwa nini, maana hoja yake ina sura ya ukweli na kwa hiyo ni ya hatari zaidi.

Kwanza, nani alisema muziki ule ni wa wageni katika nyumba ya gadi yule? Haleluya ya Handel iliimbwa hadharani mara ya kwanza mjini Dublin mwaka 1742. Leo hakuna kwaya ya kanisa kubwa nchini, bara au pwani, isiyowahi kuijaribu, kwa Kiingereza au kwa Kiswahili. Baba hakujua kusoma noti za mistari mitano. Alifundishwa kwa doremi, njia ile ya kuandika nyimbo kwa herufi ambayo wamisionari waliieneza katika shule zao Afrika nzima, na kwa herufi zile aliishika sauti yake ya nne akakaa nayo zaidi ya miaka 30. Mtu akikaa na kitu miaka 30 kitakuwa bado ni cha mgeni? Tamasha la Muziki la Kenya limekuwako tangu mwaka 1927, na vizazi vya wanafunzi vimepanda jukwaani wakiimba nyimbo za Ulaya asubuhi na za kwao mchana, bila kuona kinyaa. Nendeni Korogocho, Nairobi, mwone vijana wa Ghetto Classics, kazi iliyoanza mwaka 2008. Watoto waliozaliwa karibu na jaa la Dandora wanapuliza tarumbeta na kukwaruza selo. Waambieni wao kwamba Beethoven si wao.

Pili, wimbo huhama. Wimbo wetu wa taifa ulitokana na wimbo wa kubembelezea watoto wa Wapokomo wa Mto Tana. Mwaka 1963 kamati ya watu watano, akiwamo George Senoga-Zake na Graham Hyslop, ikauchukua, ikautia sauti nne na maneno mapya. Wimbo uliokuwa ukimlaza mtoto sasa unawasimamisha watu wazima kwa miguu yao. Haukuacha kuwa wa Wapokomo kwa hilo, wala hatuwezi kusema kuwa umekosewa mahali. Umepewa kazi nyingine, na kazi hiyo unaiweza.

Basi tatizo la filamu yetu halikuwa uzungu wa muziki. Tungeweka kifudu dakika 11 juu ya kisa cha mbuzi wa Voi, shangazi angeuliza swali lile lile. Tatizo ni kwamba tulitafuta sauti ya kutuambia kuwa jambo hili ni kubwa, hatukutafuta sauti inayomfaa mtu huyu. Tulivaa suti ya kuazima.

Hapa inafaa tuwatazame wenye kazi yao. Mwaka 1968 Stanley Kubrick alitoa filamu ya safari za angani iitwayo 2001: A Space Odyssey. Alikuwa amemwajiri mtunzi stadi, Alex North, amtungie muziki mpya. Lakini wakati wa kuunga vipande, Kubrick alikuwa akipiga santuri za klasiki kwa muda tu, apate kuona mwendo wa picha. Akazizoea. Mwishowe muziki wote wa North ukaachwa, na mwenyewe akaja kugundua siku alipokwenda kuitazama filamu. Chombo cha angani kikawa kinazunguka polepole kwa walzi ya Johann Strauss, iliyosikiwa Vienna mara ya kwanza mwaka 1867. Wengi wanaisifu filamu ile kwa ujasiri huo, nami ni mmoja wao. Walakini nawaomba mlitazame jambo kwa upande wa pili. Santuri iliyowekwa kwa muda ilishinda kwa sababu sikio lilikwisha kuizoea, na baada ya hapo kila kingine kilisikika kama kosa. Kubrick alikuwa na sikio la kumwambia kama mazoea yale ni mazuri au mabaya. Sisi je? Mpwa wangu alikiri baadaye kuwa Adagio ile aliiweka usiku wa kwanza "ili pasiwe kimya", na usiku wa tatu hakuweza tena kuiwazia filamu bila hiyo. Jihadharini na muziki wa usiku wa kwanza.

Sisi Wakenya tuna mfano wa karibu zaidi, chini ya vilima vya Ngong. Filamu ya Out of Africa, iliyotoka mwaka 1985 na kupigwa humu nchini, inamhusu Karen Blixen, mwanamke wa Denmark aliyelima kahawa pale hadi mwaka 1931. Muziki wake mpya ulitungwa na John Barry, akapata tuzo ya Oscar. Lakini katikati yake mna Mozart, sehemu ya polepole ya mtungo wake wa klarineti na okestra wa mwaka 1791, mwaka ule ule aliofariki. Mna hata mahali ambapo gramafoni inawekwa mbugani, na nyani wanakuja kuichunguza. Ni muziki mzuri usio na kifani. Nikiusikia nayaona mawingu ya Ngong, mimi niliyezaliwa Pwani! Hiyo ndiyo nguvu ya filamu. Lakini sikilizeni vizuri: klarineti ile inakumbuka kwa niaba ya nani? Inamkumbukia mwenye gramafoni. Waliochuma kahawa yake nao walikuwa na nyimbo zao, na hasara yao nao ilikuwa hasara. Simlaumu mwongozaji, maana alikuwa akisimulia kisa cha mwanamke yule na alichagua sauti iliyokuwa ndani ya nyumba yake. Alichagua sawasawa. Kosa ni letu sisi, tunapoichukua klarineti hiyo hiyo na kuitia juu ya picha za shamba la babu kule Kinangop au Taita, kwa kuwa "inafaa kwa mandhari." Mandhari hayo ni ya nani machoni pa muziki huo?

Na hilo ni jambo jingine ambalo mafundi wa simu hawalifikirii. Mitungo iliyotumika sana haiji peke yake. Tangu filamu ya Apocalypse Now ya mwaka 1979, ukipiga ule mwendo wa Wagner wa wapanda farasi wa angani, watu wanaona helikopta. Tangu Platoon ya mwaka 1986, ukipiga Adagio ya Samuel Barber, wanaona askari anayekufa Vietnam. Kwa wazee wa kwetu, okestra ya polepole redioni ina tanzia yake pia: wapo wanaokumbuka hadi leo jinsi Sauti ya Kenya ilivyogeuka ghafla kuwa muziki wa maombolezo Agosti 1978, alipofariki Mzee Kenyatta. Huwezi kumwambia mtu asikumbuke.

Sasa niseme machache juu ya kazi yenyewe, kama nilivyojifunza kwa kupigwa na ukuta. Muziki wa klasiki haukutungwa ukae chini ya mazungumzo. Mtungo mmoja unaweza kuanza kwa mnong'ono na kufika kwenye radi kabla ya dakika mbili kupita. Ukumbini ni raha. Kwenye kipaza sauti kidogo cha simu, mnong'ono hausikiki kabisa, na radi inapasua. Mpwa wangu alikuwa akipandisha na kushusha sauti kwa mkono, na kila alipogusa, uhai wa mtungo ulipungua. Tena kuna ala zinazogombana na sauti ya mtu. Selo inaimba pale pale sauti ya mwanamume inapozungumza, na ndiyo maana tunaipenda, kwa kuwa inafanana nasi. Lakini weka selo chini ya mzee anayesimulia, na watakuwa wazee wawili wanaosema kwa wakati mmoja. Piano ni mpole zaidi: noti ikipigwa huanza kufifia papo hapo, na katika kufifia huko neno hupata nafasi. Na kukata! Wimbo una sentensi zake kama sisi tulivyo na zetu. Ukiukata katikati ya sentensi kwa sababu picha zimekwisha, hata asiyejua noti moja atahisi kuwa amekanyaga ngazi isiyokuwapo.

Huku tukibishana na shangazi na binamu, jambo la tatu likazuka. Mpwa wangu alikuwa ameiweka filamu kwenye mtandao mmoja mkubwa ili jamaa zetu walio Canada waione. Asubuhi ya pili tukakuta haina sauti. Baba anafungua mdomo, hatoki neno. Ujumbe ulisema kwamba ndani yake mna muziki wenye mali yake.

"Si ulisema ni wa miaka mia tatu?" nikamwuliza.

Kumbe hatukujua tulichokishika. Tomaso Albinoni aliishi kweli, Venice, na kweli alikuwa mtunzi wa karne ya 18. Lakini Adagio ile ilitolewa mwaka 1958 na mtaalamu wa Kiitalia aitwaye Remo Giazotto, aliyesema ameijenga juu ya kipande kilichosalia cha Albinoni. Wataalamu wengi leo wanaihesabu kuwa ni mtungo wake Giazotto mwenyewe. Naye alifariki mwaka 1998. Kwa Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001, mtungo hulindwa hadi miaka 50 ipite baada ya mwaka aliokufa mtunzi. Hesabuni wenyewe: mpaka mwisho wa mwaka 2048. Wa zamani uliodhaniwa hauna mwenyewe una mwenyewe kuliko nyimbo nyingi za dansi za utoto wangu. Carl Orff naye, ambaye ngurumo za Carmina Burana yake zinatiwa kwenye kila filamu ya mpira wa mitaani, alifariki mwaka 1982 tu.

Tena, hata kama mtunzi amekufa zamani, aliyepiga na aliyerekodi wana haki yao mbali. Hapa wengi wanateleza. Bach alifariki mwaka 1750 na hakuna wa kudai shilingi kwa noti zake. Lakini santuri ya Bach iliyotengenezwa mwaka 1995 ni mali ya walioitengeneza. Hapa Kenya, santuri hulindwa miaka 50 tangu mwaka iliporekodiwa. Ulaya ni miaka 70, na mtandao hauulizi uko nchi gani. Kutazama sebuleni na ndugu zako ni jambo moja, kuweka hadharani dunia nzima ione ni jambo jingine.

Nisije nikaonekana kuzisifu mashine zinazofanya upolisi huo. Mwaka 2018 mpiga piano Mwingereza James Rhodes alijirekodi mwenyewe nyumbani akipiga kipande kifupi cha Bach, akakiweka mtandaoni, na sauti ikazimwa kwa madai kwamba ni mali ya kampuni ya santuri. Vidole ni vyake, piano ni yake, mtunzi amekufa miaka 268! Mashine hulinganisha sauti na sauti, na wapigaji wawili hodari wakipiga noti zile zile kwa mwendo ule ule, mashine inaona mwizi. Rhodes alipiga kelele hadi wakamwachia. Msaga sumu wa kijijini apige kelele wapi?

Kuna njia ya halali, na haigharimu chochote. Mwaka 2012 mpiga piano Kimiko Ishizaka alirekodi mtungo mzima wa Bach uitwao Goldberg na kuutoa bure kwa ulimwengu, bila kubakiza haki yoyote mkononi mwake. Ameupiga vizuri, si vya kubahatisha. Mpwa wangu aliupata kwa dakika tano, na hapo ndipo nilipokasirika kidogo, kwa kuwa dakika hizo tano tungaliweza kuzitumia tangu usiku wa kwanza.

Jirani yetu mmoja wa Mji wa Kale alishauri tuache Ulaya kabisa, tumtie Siti binti Saad, aliyerekodi santuri zake Bombay tangu mwaka 1928 na kufariki mwaka 1950. Akasema hiyo ndiyo klasiki yetu. Sikatai hata kidogo, na siku nitakapotengeneza filamu ya mtu aliyeishi na taarabu nitamfuata. Lakini Siti anaimba maneno, na maneno yake ni mazito, yanadai kusikilizwa yenyewe. Tena marehemu baba hakuwa mtu wa taarabu. Tungekuwa tumevua suti ya kuazima tukavaa kanzu ya kuazima.

Kilichotuokoa hakikuwa hekima yangu. Nilimwambia mpwa wangu azime muziki wote, tusikie filamu tupu. Alishangaa, "Mjomba, lakini ile kanda ya harusi ina kelele tu, ndiyo maana niliifunga sauti yake." Tukaifungua. Mlikuwa na kelele, ndiyo. Mtoto analia, jogoo anawika nje, mpiga kinanda anakwenda mbio kuliko mwongozaji. Na chini ya kelele hizo, kwaya yetu, mwaka 1991, inaimba Haleluya ya Handel, na safu ya nyuma mkono wa kulia yuko baba na tai yake ya reli.

Wasioujua wimbo ule niwaeleze. Karibu na mwisho kwaya inapanda, inapanda, inapiga neno lile mara kadhaa kwa nguvu zote, kisha ghafla inanyamaza. Kimya kabisa. Halafu ndipo wanaporudi wote pamoja, polepole, kufunga. Kimya kile ni mtego unaojulikana na kila mwimbaji duniani, kwa kuwa pale daima mmoja hujisahau. Siku ile aliyejisahau alikuwa baba. Katikati ya kimya cha Handel, sauti ya nne moja, nene kama honi ya treni, ikatoka peke yake, "Ha—!" na kukatika. Katika kanda unamwona mwongozaji akifumba macho. Unaona mabega ya safu nzima ya nyuma yakitikisika kwa kicheko huku wakimalizia.

Nilimpigia simu aliyepiga video ile, fundi wa mtaani ambaye sasa ni babu, nikamwomba ruhusa. Alicheka hata akaangusha simu.

Filamu ya pili ni ya dakika tisa. Kisa cha mbuzi kinasikika chote bila hata noti moja chini yake. Picha za stesheni na mabehewa, ambazo hazina sauti yake, zimepewa Bach wa Ishizaka, ule wimbo wa mwanzo tu, na tumeuacha ukamilike wenyewe. Mwishoni ipo Haleluya, pamoja na jogoo.

Binamu yangu bado anasema kifudu kilistahili kuwamo. Huenda ana haki, na kina mama walikiimba wenyewe uani baada ya chakula, kwa hiyo hakikukosekana. Shangazi alikaa mbele kabisa. Kilipofika kile kimya, na ile sauti moja ikatoka, aliinua mkono kama mtu anayesimamisha matatu.

"Rudisha hapo," akasema. "Rudisha hapo nimsikie tena."

Tulirudisha mara nne.